Alipofunga Bao Waliandika Jina Lake

Jarida la shule hutoka Ijumaa. Mwanangu hulifungua kabla hata ya kuvua viatu, maana ukurasa wa kwanza ni wa mpira, na yeye hajakata tamaa kwamba siku moja atajikuta pale. Ijumaa hiyo alikuwa akinisomea kwa sauti kama ilivyo kawaida yake: matokeo ya mechi, zamu za watumikiaji wa misa, ombi kwa wazazi tuandike majina kwenye masweta kwa sababu kabati la vitu vilivyookotwa limefurika. Kisha akafika chini kabisa, kwenye mistari michache iliyobanwa chini ya tarehe ya kikao cha wazazi:

"Tumwombee mwanafunzi wetu wa darasa la nne aliyefiwa na baba yake. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie."

Akanyamaza. Ni mwenzake wa darasa moja. Akainuka, akaenda kulitafuta toleo la wiki iliyotangulia, akaliweka mbele yangu, kidole juu ya kichwa cha habari.

"Baba, alipofunga bao waliandika jina lake. Mbona sasa hawajaandika?"

Nikamwambia msiba ni jambo la familia, shule imewastahi tu. Akasema "sawa", ile sawa ya mtoto aliyeamua kutokubishia.

Swali likabaki kwangu, na kwa wiki kadhaa halikutoka.

Ukurasa wa wenye furaha

Mzazi yeyote mwenye kijana kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki anajua jarida la namna hii lilivyo. Kuna barua ya mwalimu mkuu inayoanza na neno la Injili na kuishia na karo. Kuna kwaya iliyoimba kwenye ziara ya askofu. Kuna picha ya watoto wa Komunyo ya kwanza wameshika mishumaa, mashati meupe, nusu yao wamefumba macho. Sina ugomvi na hayo. Kijana wa miaka minane akiona jina lake limechapwa, hata mwendo wake hubadilika.

Ila nilipoyapanga matoleo ya nyuma na kuyasoma kwa mfululizo, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona nikisoma moja moja. Furaha ina majina. Shida haina. Aliyeshinda shindano la kusoma ametajwa yeye, darasa lake na mwalimu wake. Aliyelazwa hospitali ni "mwenzetu mmoja". Aliyehamishwa ghafla katikati ya muhula hatajwi kabisa, kana kwamba hakuwahi kuwa na dawati.

Shule ya wavulana peke yao inaongeza uzito wake hapo. Nilipompeleka mwanangu, masomo hayakunipa wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa hili: wavulana wakiachwa wenyewe kwa wenyewe hujifunza upesi kwamba kuna mambo ya kuonyesha na mambo ya kumeza. Sasa jarida linalotangaza mabao kwa jina na kuyafichia jina machozi, nalo si linawafundisha hilo hilo?

Hapo ndipo nilipokuwa mwanzoni. Nimekasirika, na nina hoja.

Baba Fulani

Marehemu nilikuwa namfahamu. Au tuseme nilikuwa nasimama naye. Jumamosi za mechi tulikuwa kundi la akina baba pembeni mwa uwanja, tunamlalamikia refa ambaye ni mwalimu wa hisabati na hakuwahi kudai kuwa refa. Yeye alikuwa mpole kuliko sisi. Alipiga makofi hata timu ya wageni ilipocheza vizuri, na tulimtania kwa hilo.

Jina lake la ubatizo sikulijua mpaka siku ya mazishi.

Ndivyo wazazi wa shule tunavyojuana. Ni Baba Fulani na Mama Fulani, kila mtu anabeba jina la mtoto wake. Nilimwita kwa jina la kijana wake, naye aliniita kwa la wangu, na urafiki ukaenda hivyo bila shida yoyote. Kwa hiyo jarida lilipoficha jina la mtoto, lilimfuta na baba. "Mwanafunzi wa darasa la nne" ana baba wa aina gani? Yule mpole wa pembeni mwa uwanja hakuwemo katika mistari ile. Baadaye, Jumamosi moja, mzazi mwenzetu aliuliza kwa uchangamfu mbona Baba Fulani siku hizi haonekani, amesafiri? Tangazo alikuwa amelisoma. Alikuwa hata ameomba.

Ukimya uliofuata pale uwanjani uliniudhi kuliko tangazo lenyewe.

Wanaonyamaza nao wana sababu

Nikajaribu kuwa upande wa pili, na haikuwa vigumu.

Jarida la leo halikai shuleni. Linatumwa kwenye simu, kutoka hapo linaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na baada ya saa moja limefika kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga geti la shule. Kumtangaza mtoto kwa jina kuwa nyumbani kwao hakuna tena baba ni kuwaambia watu wengi, wema na wasio wema, jambo wasilohitaji kulijua. Tena watu wakishapata jina, swali la pili ni "alikufa na nini?" Hilo halikwepeki. Mtu anayeuliza hivyo hana nia mbaya, lakini jibu hutembea, na mwishowe humfikia mtoto likiwa limeshavaa nguo za watu.

Vilevile bao ni lake. Alilifunga yeye, na tukimtaja tunamtaja kwa alichokifanya. Kifo cha baba hakukifanya. Kimempata.

Nilikaa na hoja hiyo siku nyingi, nikidhani imemaliza mambo.

Lakini hawa ni Wakatoliki

Kilichoniondoa hapo ni misa ya kawaida ya Jumapili, ya marehemu wengi kama zilivyo nyingi. Padre alisoma orodha ya nia za misa, majina mfululizo, bila haraka. Nikawaza: hili ni Kanisa ambalo haliwezi kufanya jambo bila jina.

Mtoto akiletwa kubatizwa, kitu cha kwanza wazazi kuulizwa ni jina wanalompa. Kwenye kipaimara watu huchukua jina jingine juu ya la kwanza. Litania ya watakatifu ni majina na kibwagizo, basi. Katika sala ya Ekaristi ya misa ya wafu, kitabu kinaacha nafasi, na padre anamtaja marehemu pale pale, mbele ya mkate na divai. Odilo, abati wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, aliwapangia watawa wake tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote, karibu mwaka 1000, na hadi leo parokia nyingi huweka daftari karibu na altare mwezi huo ili kila familia iandike wafu wake mmoja mmoja. Kwenye ukuta wa mapokezi ya shule yetu kuna maneno ya Isaya, rangi ya buluu: "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu."

Shule iliyoandika hivyo ukutani inamwombeaje mtu bila kumtaja?

Kuna namna nyingine ya kumwandika mtoto ambayo nadhani tumeisahau. Mabruda wa Yohane Mbatizaji wa La Salle, padre Mfaransa aliyeanzisha shirika la walimu, walikuwa na mwongozo wa shule zao, uliochapwa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo walimu wanatakiwa kuweka daftari la hulka za watoto: huyu ni mchangamfu, huyu ni mzito wa kuanza, huyu ukimkaripia anafunga mlango. Daftari hilo lilimsaidia mwalimu wa mwaka unaofuata asimpokee mtoto kama mgeni. Mtoto aliandikwa kwa jina, tena kwa undani, ila kwa macho ya wachache waliokuwa na kazi ya kumlea.

Jarida limefanya kinyume kabisa: wasomaji wote, undani sifuri. Hapo nikaanza kuona kwamba suala halikuwa jina peke yake. Lilikuwa pia nani analisoma.

Mtoto aliyekataa kutoka chumbani

Yohane Bosco, padre anayejulikana kama Don Bosco, alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikufa Mei 1817, yeye hajatimiza miaka miwili. Alipokuja kuandika kumbukumbu zake akiwa mtu mzima, alisema hilo ndilo jambo la kwanza analolikumbuka maishani. Watu wote walikuwa wakitoka katika chumba alimolazwa marehemu, yeye akang'ang'ania kubaki. Mama akamwita. Akajibu kwamba kama baba haji, na yeye haendi. Mama akamshika mkono na kumwambia kwamba hana baba tena. Anakiri kuwa alilia kwa sababu alimwona mama analia. Umri wake haukumruhusu kuelewa zaidi ya hapo.

Mtu aliyeanza kumbukumbu zake hapo ndiye aliyekuja kukusanya wavulana wa Torino, wengi wao wakiwa mbali na kwao au hawana wazazi. Ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1877, jarida la habari za kazi yake, ambalo Wasalesiani, shirika alilolianzisha, wanalitoa mpaka leo. Alijua thamani ya kutangaza.

Ila maandishi yake yaliyonishika ni barua aliyoituma kutoka Roma tarehe 10 Mei 1884. Anasimulia ndoto ya kiwanja cha michezo cha shule yake katika nyakati mbili. Katika wakati wa kwanza wavulana wanakimbia, wanaimba, mapadre wako katikati yao. Katika wakati wa pili wengine wameegemea nguzo, wamechoka, wanatazama kando, na walezi wamesimama mbali. Anauliza kulikoni, maana walezi wanajitoa mhanga kwa ajili ya vijana hawa kila siku. Anajibiwa kwamba haitoshi vijana wapendwe. Wanapaswa wenyewe wajue kuwa wanapendwa.

Niliisoma barua hiyo nikimfikiria kijana wa darasa la nne. Shule ilimpenda, hilo sina shaka. Kapelani alikwenda nyumbani kwao, walimu walikwenda mazishini, misa ilisomwa. Je, yeye alijua? Angejuaje kupitia mistari ambayo hata baba wa mwenzake hakutambua inamhusu nani?

Nikawa nimerudi kwenye hasira yangu ya mwanzo, safari hii nikiwa na mtakatifu upande wangu.

Siku moja tu ya shule

Halafu nikakutana na Marcellin Champagnat, mwanzilishi wa Mabruda Wamaristi, na yeye akanivuruga.

Champagnat alisoma shule ya kijijini kwao Ufaransa siku moja. Siku hiyo ya kwanza mwalimu alimwita asome. Kijana mwingine akamtangulia mbele kwa kiherehere, mwalimu akamzaba kibao. Marcellin, aliyekuwa akitetemeka tayari, alirudi nyumbani na kukataa kata kata kurudi kwa mwalimu anayepiga hivyo.

Kisa hicho kinajulikana. Kisichosimuliwa sana ni cha pili, ambacho pia aliwasimulia mabruda wake. Padre mmoja, akifundisha katekisimu, alichoshwa na mtoto asiyetulia, akambandika jina la utani. Hakukusudia kumwumiza. Lakini wavulana wengine walilidaka jina lile, wakalitoa nje nalo, na kadiri mtoto alivyochukia ndivyo walivyozidi kumwita. Akawa mkali, akajitenga na wenzake. Champagnat hakulisahau hilo hata alipoanzisha shirika lake mwaka 1817.

Niliposoma hapo nilikumbuka kiwanja cha wavulana kilivyo. Wavulana ni wakarimu kupita kiasi na wakatili kupita kiasi, wakati mwingine kati ya kengele moja na nyingine. Ukiwapa neno juu ya mwenzao, neno hilo si lako tena. "Aliyefiwa" linaweza kuwa jina la utani bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Wiki ya kwanza ni huruma. Ya tatu inakuwa utambulisho. Muhula ukiisha, mgeni akiuliza yule ni nani, anajibiwa: yule aliyekufa baba yake.

Nikabaki na pande mbili zenye nguvu sawa. Nikaamua kuuliza badala ya kufikiri.

Alichojibu mwenyewe

Baada ya kikao cha wazazi nilimfuata mwalimu wa darasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala. Yeye alikuwa amechoka na ana daftari za kusahihisha. Akaniambia kwa kifupi, baada ya mama wa kijana, aliyekuwa karibu, kumruhusu kwa kichwa.

Walikuwa wamemwuliza mtoto mwenyewe. Mwalimu alikwenda nyumbani, akakaa naye mama akiwapo, akamwuliza anataka wenzake waambiwe nini. Kijana akafikiri, akasema waambiwe kila kitu, lakini yeye asiwepo. Ikafanyika hivyo: darasa lilielezwa kwa jina, likaulizwa kama lina maswali (lilikuwa nayo, mengi, mengine ya kutisha), likasali pamoja. Aliporudi shuleni walikuwa wanajua, hakulazimika kumwambia mtu.

Kuhusu jarida alikataa. Sababu yake ni hii: "Kila mtu mzima atanishika kichwa."

Nilicheka, kisha nikaona aibu ya kucheka. Mama yake naye alicheka, basi nikapona.

Kwa hiyo alichokikwepa hakikuwa wenzake. Kilikuwa sisi. Foleni ya pole getini, viganja vya wanaume wasiomjua vikimtua kichwani mmoja baada ya mwingine, sauti za chini, macho ya kumpima. Kwa wenzake jina lake lilitajwa wazi, na alitaka litajwe. Kwa watu wazima alitaka aendelee kuwa yule aliyefunga bao.

Jioni nilimwuliza mwanangu ilikuwaje siku ile darasani na siku aliporudi. Akasimulia bila kuacha alichokuwa akifanya. Walipocheza mapumziko, timu yao ilipata penalti, na wavulana wakabishana. Wengine walitaka apige yeye kwa sababu amefiwa. Mmoja akapinga: wakimpa leo, atajua wanamhurumia, na mpigaji wa penalti wa siku zote si yeye. Ubishi ukawa mrefu mpaka mwenyewe akachoka kuusikiliza, akauchukua mpira, akapiga.

"Akafunga?"

"Akakosa. Tukamzomea."

"Mlimzomea?"

"Kidogo. Kama mtu yeyote."

Sijui kama Don Bosco angeridhika. Mimi nililala vizuri.

Kuulizwa ni haki

Mwalimu yule hakufanya hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake anayo haki ya kuyatoa katika kila jambo linalomhusu, na yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Kiti Kitakatifu, yaani Vatikani, kiliuridhia mkataba huo mwaka 1990, miongoni mwa wa kwanza, kikiwa na angalizo zake. Shule zetu hupenda kukumbuka kile cha faragha, kwa sababu kinaweza kutimizwa kwa kunyamaza tu. Cha 12 kinahitaji mtu akae chini na mtoto na kumsikiliza hadi mwisho.

Na jambo hilo halihusu misiba peke yake. Nani aliwahi kumwuliza mfungaji kama anataka jina lake ukurasa wa kwanza? Wapo wavulana ambao sifa ya hadharani inawachoma kama aibu, hasa wanapojua Jumatatu watatakiwa kufunga tena.

Fomu

Nimemwandikia mwalimu anayelitengeneza jarida. Nimependekeza kuwe na sehemu ya kudumu ya habari za familia, mazuri na magumu, ambamo kila nyumba inachagua iandikwe nini na kwa jina gani, na kwamba marehemu atajwe kwa jina lake mwenyewe pale familia inapokubali, hata kama la mtoto halimo. Baba yule angeweza kuandikwa hivyo. Kijana alikataa lake tu. La baba hakuna aliyefikiri kuliuliza.

Amejibu kwamba wazo ni zuri, ila kila Ijumaa anapigana na ukurasa, na wazazi wa washindi hulalamika picha ikipunguzwa. Malalamiko juu ya matangazo ya chini hajawahi kupata. Akaniomba niandae fomu, aipeleke kwa mwalimu mkuu mitihani ikiisha.

Naiandaa. Nimekwama kwenye saini. Nimeweka ya mtoto kwanza, ya mzazi chini yake, na mke wangu anasema mwalimu mkuu atazigeuza, kwa sababu kanuni za shule zinataka idhini ya mlezi kabla ya yote. Huenda. Kwenye nakala ninayopeleka mimi, ya mtoto iko juu.